Siku Kumi na Nane

3 Februari

Fundi mwanangu,

Marahaba, nakuitikia kabla hujaniamkia maana leo sina subira. Nimetoka zamu sasa hivi, hata viatu sijavua. Faili letu limesogea! Wameandika kwamba wanataka vyeti vyenu vyote, wakishaviona watapanga siku ya usaili. Barua niliisomea kwenye kiwanda chetu cha kufulia, nimekaa juu ya furushi la shuka za hospitali, na msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimepona.

Simuni hatuwezi kupanga kitu. Baba yako huiweka simu katikati ya meza, kila mtu anapiga kelele, na nikikata sijui nimeongea na nani wala nimesema nini. Mambo ya karatasi ni mimi na wewe, kwa barua, kama kawaida yetu.

Shika neno hili moja. Mtoto anayemfuata mzazi lazima awe hajafikisha miaka ishirini na moja siku anayogongewa viza. Siyo siku tuliyoomba, siku ya kugongewa. Tulipoomba ulikuwa na kumi na sita, nikaona tuna muda wa kumwaga. Sasa tarehe 14 Juni unatimiza ishirini na moja. Ukivuka hapo jina lako linatolewa, unaanza foleni yako peke yako, na foleni hiyo watu wanazeekea humo. Mrefu bado hajafika kumi na tisa na mdogo wenu Kitinda ana kumi na moja, hao hawana shida. Mwenye moto nyuma yake ni wewe.

Kwa hiyo: pasipoti zenu wote, barua ya polisi ya tabia njema yako na ya Mrefu, cheti changu cha ndoa, picha za kifua za baba yako. Mwambie aache ubishi, rangi alizopaka kwenye majumba ya watu zimo kifuani, daktari ataziona tu. Usingoje karatasi moja itoke ndipo uanze nyingine. Kimbia.

Kitanda chako nimekiweka chini ya dirisha. Shuka nimeshaitandika.

Mama yako


26 Februari

Mama, shikamoo,

Sisi wazima, na tunakimbia. Baba amepigwa picha za kifua. Alivua shati kwa heshima zote kama anapigwa picha ya harusi. Daktari amesema hana ugonjwa, ila majibu hayo yanafaa miezi sita tu, ikipita anaanza upya. Karatasi za Mrefu ziko tayari, isipokuwa picha ya pasipoti ilimkata nywele kwa juu ikabidi arudie akiwa amechutama.

Aliyekwama ni mimi. Polisi wanataka alama za vidole, na vidole vyangu havina alama. Usicheke. Miaka mitatu ya kufungua vyerehani vya watu, msasa na mafuta ya taa kila siku, vimekuwa laini kama kijiko. Askari alivikandamiza kwenye wino mara tano, akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Akasema, "Dada, wewe unafanya kazi gani hasa?" Nimeambiwa nipumzishe mikono wiki tatu, nipake mafuta ya mgando, nirudi.

Bosi wangu, Mzee wa Spana, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanikalisha mlangoni mwa karakana nipokee wateja tu. Mafundi nguo wote wa mtaa wananung'unika, mashine zao zinaruka mishono na mimi nawatazama nimekunja mikono kama bibi harusi.

Kitinda anauliza kama utamjua ukimwona. Nimemwambia utamjua.

Fundi


20 Machi

Fundi,

Wiki tatu! Yaani siku zote hizo kwa ajili ya vidole? Vaa glavu, paka mafuta, usioshe hata kikombe. Mrefu ana mikono, aoshe yeye.

Mwenzangu tunayelisha naye mashine ya pasi, yeye anashika pembe ya kulia mimi ya kushoto, ameniambia mwanawe alivuka umri huo kwa siku nne. Nne tu, na mpaka leo yuko huko. Tangu aniambie nashika shuka upande usio wangu, mashine imesimama mara mbili kwa sababu yangu. Nikisikia mlango wa chini nashuka kuangalia barua, nakuta matangazo ya magodoro.

Kuna jambo jingine nataka kukuandikia, lakini tuone kwanza watapanga tarehe gani. Huenda lisiwe na haja.

Umekwenda polisi? Nijibu.

Mama yako


11 Aprili

Mama, shikamoo,

Alama zilirudi, barua ya polisi nimeipata, vyeti vyote vimepokewa, na leo wameleta siku ya usaili. Nainakili kama ilivyo ili usiseme nimesoma vibaya:

"Waombaji wanne waliotajwa wafike wenyewe tarehe 2 Julai, saa mbili asubuhi. Atakayekuwa amefikisha umri wa miaka ishirini na moja siku hiyo hatahojiwa katika faili hili."

Siku kumi na nane, mama. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, nikahesabu tena kwa vidole hivi hivi vilivyotuchelewesha. Nilikwenda kuwaomba watuwahishe. Kijana wa dirishani hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo lililonikata maini. Alisema, "Dada, kila aliyeko nyuma yako ana tarehe yake." Nikageuka, na kweli foleni ilifika nje.

Baba amechukua brashi yake. Amepaka rangi mlango wa jikoni ambao haukuhitaji rangi. Mrefu anasema na yeye haendi, nimemwambia asiniletee maigizo. Nakuomba usilie kiwandani.

Fundi


27 Aprili

Mwanangu,

Barua hii anaileta mwenzangu wa kiwandani, anakuja huko likizo. Isome ukiwa peke yako.

Juni hii hutimizi ishirini na moja. Unatimiza ishirini.

Kama umesimama, kaa. Mwaka ule nilipata kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni, kutwa nzima, na baba yako alikuwa akifuata kazi za rangi mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Sikuwa na mtu wa kukuachia. Mwenye nyumba aliniruhusu kuja na mtoto mmoja tu, nikamchukua Mrefu kwa kuwa ni mdogo, wewe nikakufungia chumbani na mkate na kikombe cha maji. Nilifanya hivyo siku mbili. Siku ya pili nilirudi nikakukuta umelala nyuma ya mlango, mkono umeganda kwenye kitasa.

Kesho yake nikakupeleka shule. Wanaandikisha watoto wa miaka saba, wewe ulikuwa na sita. Njiani nikakufundisha: ukiulizwa, sema saba. Ukasema saba kwa sauti kubwa hadi mwalimu akacheka. Ulipofika darasa la nne, la mtihani, wakataka cheti cha kuzaliwa, nawe hukuwa nacho. Nikaenda ofisi ya vizazi na vifo nikaandikisha tarehe inayolingana na ya shule. Niliyetia saini ni mimi. Baba yako hajui, tarehe zote za nyumba ile ananiuliza mimi, hata ya kwake. Na fomu za viza nilipozijaza nikaandika ile ile, nikala kiapo kwamba ni kweli. Nilikuwa nimeshaizoea. Nilikuwa nakumbuka kila Juni tu, halafu nasahau tena.

Kadi yako ya kliniki ipo. Lile sanduku langu la kijani juu ya kabati, chini ya kitambaa cha ndani, upande wa bawaba. Ina tarehe yako ya kweli, uzito, chanjo na muhuri. Ipeleke ofisi ya vizazi wasahihishe cheti, nimeuliza, huwa wanasahihisha. Kisha ukipeleke ofisi ya viza kabla ya 2 Julai. Baba yako usimwambie kwanza.

Utanisamehe baadaye. Sasa hivi kimbia.

Mama yako


12 Mei

Mama, shikamoo,

Mwenzako alifika, barua nimepata.

Wiki iliyopita nilikuwa na miaka ishirini, leo nina kumi na tisa. Sijui nishukuru au nifanyeje. Unakumbuka siku unaondoka, pale kituoni? Uliniinamia ukasema, "Wewe sasa una kumi na moja, ni mtu mzima, nishikie nyumba." Nikaishika. Kitinda alikuwa na mwaka mmoja, anaharisha, baba yuko kazini, nami najiambia mtu wa miaka kumi na moja haogopi. Kumbe nilikuwa na kumi. Kumbe nilikuwa na haki ya kuogopa.

Kadi haipo. Sanduku nimelifungua, kitambaa nimekichana chote mpaka kwenye bawaba. Mwaka ule paa lilipovuja maji yaliingia, karatasi za chini zimegandana, ukizitenganisha zinatoka unga. Hakuna tarehe inayosomeka. Na kliniki yenyewe ilihamishwa, madaftari ya zamani hawana. Nimeuliza.

Usinitume tena mahali. Niache na miaka uliyoniandikia.

Fundi


15 Juni

Fundi,

Nimepiga simu mara sita, na kila mara naambiwa uko kazini, hata Jumapili. Vyerehani gani hivyo vinaharibika Jumapili? Jana ilikuwa siku yako. Nilitaka kukupongeza, sikujua nikupongeze kwa miaka mingapi mbele ya baba yako.

Una haki ya kununa. Nuna, lakini nisikilize. Nimekwenda kwa mshauri wa mambo ya viza, mama mmoja ana ofisi juu ya duka la miwani. Amesema hata bila kadi naweza kula kiapo mwenyewe kwamba tarehe niliyoandika si ya kweli. Wakikubali, faili zima linarudishwa nyuma mkaguliwe wote upya, miezi minane, labda kumi, nawe utakuwa bado una ishirini. Ila aliyetia saini mwanzo ataitwa kujibu, na anaweza kunyang'anywa karatasi zake za ukaazi. Nikamwambia aliyetia saini ndiye huyu aliyeko mbele yako. Basi nitajibu. Wakinirudisha, watanirudisha kwangu, siyo motoni.

Kwa hiyo tarehe 2 msiende. Mwambie baba yako chochote, sema tumbo limekukamata. Bora tuchelewe wote. Sitakula kiapo bila wewe kukubali, kwa sababu umri ni wako na nimeshauchezea vya kutosha. Nangoja neno lako tu. Tafadhali, mama, nijibu. Kama hutaki kuandika, pokea simu.

Mama yako


4 Julai

Mama, shikamoo,

Juzi tulikwenda. Nilisimama nao mpaka mlangoni. Mwanamke mwenye orodha akaniuliza umri, nikasema ishirini na moja, kwa sauti kubwa. Akasema basi wewe subiri nje.

Wote watatu wamegongewa. Baba alitoka amelikumbatia jalada kwa mikono miwili, watu wanampisha. Kitinda anasema walimuuliza mama yake anafanya kazi gani, akajibu anapiga pasi shuka za wagonjwa wote wa dunia, na afisa akacheka. Wanatakiwa wawe wameingia huko kabla ya mwisho wa Agosti.

Mimi nimepewa karatasi inayosema nina mwaka mmoja wa kulalamika kama kuna kosa lolote kwenye taarifa zangu. Waliniuliza kama lipo, nikasema hakuna.

Kitinda halali bila kusimuliwa kitu. Umsimulie chochote, hata mambo ya kiwandani, hachagui.

Fundi


24 Agosti

Dada, shikamoo,

Najua utashangaa, mimi na kalamu wapi na wapi. Lakini baba amekuja na tabia yake, simu iko katikati ya meza.

Tulipotoka pale uwanja wa ndege mama alikuwa mbele kabisa, kifua kimebana kizuizi. Ni mfupi, dada! Mbona hukuniambia? Nilipomkumbatia kidevu changu kilikuwa juu ya kichwa chake. Baba alisimama na toroli la mizigo akamwambia, "Habari za siku nyingi," kama wamekutana sokoni. Kitinda alijificha nyuma yangu, halafu akatoka akaamkia kwa adabu, vile anavyowaamkia walimu. Mama akaitikia, akamshika shavu, halafu akainua macho akaendelea kuangalia mlango. Abiria wakatoka, wakaisha. Wakatoka marubani na masanduku yao. Baba akasema, "Twende, sisi ndio wote." Mama akasema, "Najua." Lakini hakusogea, mpaka akaja mtu wa usafi na fagio lake akatuomba tumpishe.

Ametueleza habari ya ule mwaka, tumekaa wote. Baba hakugomba. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ya Mrefu ni ya kweli?" Nikaona hapa nicheke au nilie. Ina maana mimi na wewe tumepishana mwaka na miezi mitatu tu, lakini shikamoo sikupunguzii.

Tatizo ni mama. Anasema kosa ni lake, angeifunga ile kadi kwenye mfuko wa nailoni maji yasingeiharibu. Kutwa nzima mfuko wa nailoni, mfuko wa nailoni. Juzi ameungua mkono kwenye mashine ya pasi. Kitanda cha dirishani anakitandua na kukitandika kila asubuhi wakati hakuna aliyekilalia, maana Kitinda amekataa, anasema ni chako.

Mwandikie. Mimi sijui la kumwambia. Ile siku ulipolishusha sanduku nilikuwa mlangoni, dada, nilikuona. Sijamwambia mtu.

Mrefu


15 Septemba

Mama, shikamoo,

Mpaka leo napika ya watu wanne, halafu namwita jirani anisaidie kula. Ukimya wa nyumba hii siuwezi. Nawasha redio kila chumba.

Huo mfuko wa nailoni uache. Sanduku halikuingia maji hata tone. Kadi niliikuta siku ile ile ya barua yako, pale pale ulipopasema, imenyooka kama ya jana. Kumbe nilizaliwa na kilo tatu kasoro.

Kesho yake nilikwenda nayo ofisi ya vizazi. Mama wa dirishani aliigeuza mbele na nyuma, akasema hii inatosha, wiki mbili utakuwa na cheti kipya. Nikamshukuru kwa kelele mpaka watu wakageuka. Halafu akauliza nani aliandikisha ile tarehe ya kwanza. Nikasema mama yangu. Yuko wapi? Nikamweleza, na faili, na kila kitu, nilikuwa na furaha nikawa nabwabwaja. Akairudisha kadi kwangu taratibu kwa kidole kimoja. Akasema, "Binti, mimi nitakusahihishia, ndiyo kazi yangu. Lakini huko wakiona tarehe mbili watamwita aliyekula kiapo. Nimemwona mmoja karudishwa na mkoba wa mkononi tu."

Nilikaa kwenye benchi lao mpaka wakafunga ofisi. Nilimfikiria Kitinda, ambaye alikuwa anakujua kwa picha. Nilifikiria majibu ya kifua cha baba yanayokwisha Agosti. Nilikufikiria wewe unashuka na huo mkoba, miaka kumi ya shuka za watu, kwa ajili yangu, nami natakiwa nikutazame usoni. Nikaondoka. Siku chache baadaye nikakuandikia uongo.

Lakini nisikuongezee uongo mwingine kwamba ilikuwa huruma tupu. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilitaka na wewe ukose kitu, uone inavyouma. Yale ya kituoni niliyokuandikia yalikuwa ya kweli. Nilikuwa sipokei simu kwa sababu ningekusikia sauti tu ningesema yote. Barua yako ya Juni ilinifikia tarehe 9 Julai, wenzangu wamekwisha kugongewa. Nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ingefika wiki moja kabla, sijui ningefanya nini, na naomba usiniulize.

Watu hapa wanasema nimebaki kwa ajili ya kazi, kwamba Mzee wa Spana ataniachia karakana. Nawaacha waseme. Wewe usiamini. Nilitaka kuja, mama. Nilitaka tangu ulipopanda lile basi, na nataka mpaka sasa hivi ninapoandika. Nikishika mashine ya mtu nafunga parafujo ile ile mara tatu, na bado narudi kuiangalia.

Kadi ninayo. Nimejaribu kuichoma mara mbili, nimeshindwa. Ofisi ya vizazi iko njia moja na karakana, napita mbele yake asubuhi na jioni. Siku nyingine navuka barabara ili nisiione. Siku nyingine nafika mpaka kwenye ngazi, najifanya nafunga kamba za viatu. Kesho sijui. Usiniambie nifanye nini, umeniambia miaka kumi. Ila ujue, hapo ulipokaa unaisoma barua hii, mimi bado nina miaka ishirini.

Mwanao